Rangi Haitoki kwa Sabuni

Vidole vyangu ni vya njano tangu mwaka aliofariki baba.
Nimevisugua kwa sabuni ya mche, kwa ndimu, kwa mchanga wa ziwani;
soko zima la Kirumba hunijua kwa vidole kabla ya jina.
Nauza manjano. Nasaga mwenyewe,
maana niliwahi kununua unga uliong'aa kama koti la bodaboda,
na fundi wa kupaka milango akanusa, akacheka:
"Rangi hii naijua, nayo haipikwi."
Nikaumwaga shimoni, mtaji na faida.

Leo asubuhi kaja Mayu Nkwimba, mwanika dagaa wa Igombe,
goti la kushoto limevimba kama kiazi cha mvua.
"Mwangaluka, mayu."
"Mwangaluka. Nipimie robo.
Na vile vidonge vya manjano, vya kichupa, nimevianza mwezi huu,
vitatu asubuhi, vitatu jioni.
Jirani kasema ni mmea tu. Mmea hauna kosa."

Mmea hauna kosa.
Tumbaku nayo ni mmea, nilitaka kusema,
ila mteja ni mteja
na kodi ya kibanda ni tarehe tano.

Akanyoosha mkono apokee mfuko.
Khanga ikateleza. Pale kiwikoni, doa la zambarau,
juu yake jingine, na jingine limeanza kukongoka,
pembezoni njano,
njano ambayo sikuiuza mimi.

"Umeanguka?"
"Sijaanguka."
"Umejigonga wapi?"
"Hata sikumbuki. Na leo mswaki umetoka mwekundu."

Nikauweka mfuko chini.
"Mayu, ile kadi ya Bugando, ya mguu ulioganda damu, unayo?"
Akaitoa kifuani, imekunjwa mara nne, inanuka dagaa.
Dawa ya kuzuia damu kuganda, kila jioni, isiachwe.

"Sasa sikiliza. Dawa hiyo inavuta kamba.
Vidonge vya kichupa navyo vinaishika kamba ile ile,
vinavuta upande ule ule.
Manjano ya sufuriani ni chakula: kijiko cha chai
kwenye mchuzi wa sato, mafuta kidogo, pilipili manga kiduchu,
kwani yakiwa peke yake hupita tumboni
kama mgeni asiyepewa kiti.
Lakini kichupani wamekamua gunia wakalishindilia ndani ya kidonge,
wakatia pilipili ili mlango wa mwili ukae wazi,
na mlango ulio wazi hauchagui wa kuingia."

"Na goti?"

Goti. Sikumdanganya.
Wapo waliopata nafuu, nikamwambia,
maumivu yanapungua polepole, kama ziwa linavyorudi nyuma kiangazi,
huoni leo, huoni kesho.
Ila wao damu yao haikuwa na kadi.

Kijana wa gereji, wa pili kwenye foleni, akadakia:
"Mimi nina mawe kwenye nyongo. Nakunywa, sinywi?"
"Mwanza ina mawe ya kutosha, baba. Kamuulize daktari kwanza.
Na yeyote anayemeza vya kichupa,
macho yakigeuka rangi ya vidole hivi, aviache siku hiyo hiyo,
aende hospitali, asije kwangu."

Foleni ikacheka. Wawili wakaondoka bila kununua.

Nikasimamisha bajaji. "Bugando, sasa hivi, sio kesho.
Kichupa usikitupe, wakakione.
Na dawa ya kadi usiiache kwa kichwa chako, wao ndio waseme."
"Na robo yangu?"
"Robo itakungoja. Haiozi."

Nikamshika mkono apande, goti likalia, akaguna Kisukuma
neno nisiloweza kuliandika.
Bajaji ilipokata kona ndipo nikaona nilichomwachia
begani, juu ya khanga nyeupe:
alama tano za njano.

Atanidai khanga, najua.
Na adai.